FOWADI WA KUHAMAHAMA: KAZI YA MPIRA UGENINI

Hotuba ya kocha wa vijana kwa wachezaji na wazazi, siku ya kufunga mashindano. Tumeichapisha karibu jinsi ilivyosemwa.



Nimeombwa nizungumze juu ya mpira kama kazi. Si mpira wa kufurahisha macho. Huo tumeuona leo, na lile bao la mwisho wengine wetu tutalisimulia mpaka Krismasi. Mimi nazungumzia mpira wa kulipwa, tena wa ugenini, kwa sababu nikimuuliza kijana yeyote hapa anataka kuwa nini, hasemi "mchezaji". Anasema "mchezaji wa Ulaya". Na mama yake akisikia hivyo, ama anacheka, ama anaanza kuhesabu ng'ombe waliobaki.

Sitasema ndoto hiyo ni mbaya. Wakenya wametoka wakaenda na wakafaulu. Lakini tuichunguze vizuri tuone kazi yenyewe hufanywa namna gani. Kwa hiyo nimechukua mtu mmoja tumfuate hatua kwa hatua. Nimemchagua Michael Olunga, nahodha wa Harambee Stars. Kwanza yeye ni fowadi, na kila mtoto anataka kuwa fowadi. Sijapata kumwona mtoto akilia apewe namba tatu. Pili, Olunga hakuingia klabu moja kubwa akakaa huko mpaka kustaafu. Amehama klabu baada ya klabu, nchi baada ya nchi, kama fundi wa kujenga anayefuata kazi mahali ilipo. Na ukweli ni kwamba wachezaji wengi wa kulipwa duniani ni mafundi wa namna hiyo. Hao mnaowaona kwenye mabango ni wachache sana.

Haya. Olunga alizaliwa Nairobi mwaka 1994. Alisoma Upper Hill School, halafu akaingia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kusomea uhandisi. Ndiyo sababu mashabiki mpaka leo humwita Injinia. Wazazi, sikilizeni hapo. Wakati anafunga mabao katika ligi kuu ya Kenya, kijana huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Hakuna aliyemwambia achague kitabu au mpira akiwa kidato cha pili. Nasema hivi kwa sababu najua nyumba moja au mbili hapa ambapo kijana ameacha shule "ili apate nafasi ya mazoezi". Mazoezi huchukua saa mbili kwa siku. Hizo saa nyingine unafanya nini?

Alipita Tusker. Mwaka 2014 Tusker wakampeleka Thika United kwa mkopo. Kupelekwa kwa mkopo maana yake ni hivi: mwenye jembe ana majembe mengi kuliko kazi, basi analikopesha kwa jirani msimu mmoja. Jembe bado ni lake, lakini linalima kwa jirani. Kijana wa kiburi akipelekwa kwa mkopo hununa, anaona ametupwa. Olunga alikwenda Thika akacheza. Mwaka uliofuata, 2015, Gor Mahia wakamchukua, na mwaka huo Gor wakashinda ligi bila kupoteza mechi hata moja. Yeye alifunga mabao 19. Na hata hivyo hakuwa mfungaji bora! Jesse Were wa Tusker alimpita. Hilo mliweke akilini, maana tutakutana nalo tena.

Sasa ndipo safari inaanza. Mwaka 2016 alikwenda Djurgården, klabu ya Stockholm huko Uswidi. Mtauliza, kwa nini Uswidi na si Uingereza, ambako kila matatu ya hapa imebandikwa picha za klabu zake? Ni kwa sababu Uingereza haimpi mtu kibali cha kazi kwa kuwa anajua mpira tu. Kwa miaka mingi wameangalia pia nchi anayotoka iko nafasi ya ngapi katika orodha ya FIFA, na Kenya kwa muda mrefu imekuwa nje ya mia moja bora. Kijana aweze kucheza vizuri namna gani, nchi yake inamvuta shati. Uswidi mlango wake ni mpana zaidi, na Wakenya wengine pia wamepita hapo, kama Eric Ouma na Joseph Okumu. Ligi yao huchezwa kuanzia masika mpaka vuli, na wanunuzi kutoka nchi tajiri huja kuangalia kama watu wanavyokuja mnadani.

Msimu huo mmoja Olunga alifunga mabao 12 katika mechi 27 za ligi. Si vibaya kwa mgeni. Djurgården wakamuuza mwanzoni mwa 2017 kwa klabu ya China iitwayo Guizhou Zhicheng, ambayo ilikuwa imepanda tu kuingia ligi kuu ya huko. Wakati ule klabu za China zilikuwa zinamwaga pesa kuliko mtu yeyote.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Januari hiyo hiyo ya 2017 wakubwa wa mpira wa China walibadilisha sheria. Zamani klabu iliweza kuchezesha wageni wanne pamoja na mwingine mmoja wa kutoka Asia. Sheria mpya ikasema watatu tu kwa mechi. Basi fikirieni. Wewe umeacha klabu inayokujua, umesafiri mpaka China, umetia saini, na kabla msimu haujaanza serikali ya mpira inasema nafasi zimepungua. Hukukosea pasi wala hukukosa mazoezi. Nafasi yako imefutwa na kalamu ya mtu ambaye hajawahi kukuona. Olunga alicheza mechi chache tu huko. Haya mambo ya idadi ya wageni yako karibu kila nchi ya Asia, Uarabuni na sehemu za Ulaya. Mgeni huajiriwa kufanya kazi ambayo mwenyeji haiwezi, na kazi hiyo mara nyingi ni kufunga mabao. Beki wa nyumbani akicheza vibaya atavumiliwa. Fowadi wa kigeni akikaa mechi sita bila bao, anatafutiwa mwenzake kwenye ndege.

Kabla mwaka huo wa 2017 haujaisha, China walimpeleka kwa mkopo Girona, Uhispania, timu iliyokuwa inacheza ligi kuu ya La Liga kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ndoto, si ndiyo? Atacheza uwanja mmoja na Barcelona na Real Madrid! Ni kweli. Lakini pale Girona alikuwapo mshambuliaji kutoka Uruguay aitwaye Cristhian Stuani, ambaye msimu huo alifunga mabao 21. Sasa kocha amtoe huyo amweke nani? Olunga alisugua benchi.

Halafu ikafika tarehe 13 Januari 2018, Girona wakicheza nyumbani na Las Palmas. Kipindi cha pili Olunga akafunga mabao matatu, na Girona wakashinda 6 kwa 0. Hakuna mchezaji wa Girona aliyewahi kufunga matatu katika mechi moja ya La Liga kabla yake, wala hakuna Mkenya aliyewahi. Siku hiyo nchi nzima ilikuwa inasherehekea. Watu wakasema, sasa mambo yamekwisha, Barcelona watapiga simu.

Kumbe hayo mabao matatu ndiyo yalikuwa mabao yake yote ya ligi msimu ule. Mkopo ukaisha. Girona hawakumbakiza.

Vijana, msipite hapo haraka. Mtu amefunga mabao matatu katika ligi ambayo wengi huiona bora duniani, magazeti yameandika jina lake, na miezi michache baadaye anatafuta kazi. Kazi hii haihesabu siku moja.

Agosti 2018 akaenda Japani, klabu ya Kashiwa Reysol, mji wa Kashiwa ulio karibu na Tokyo. Lugha ya nne hiyo, ukihesabu Kiswahili na Kiingereza mbali. Tena alifika nyumba ikiungua: Desemba haijaisha, Kashiwa walikuwa nafasi ya 17 katika timu 18, na wakashushwa daraja. Kwa hiyo fowadi wetu aliyefunga mabao matatu Uhispania mwezi wa kwanza, alimaliza mwaka akiwa mchezaji wa daraja la pili la Japani. Kwenye baa za Nairobi maneno yalikuwa mengi. Eti amekwisha, eti alipaswa kurudi Gor.

Alibaki. Mwaka 2019 katika daraja la pili alifunga mabao 27. Kashiwa wakachukua ubingwa wa daraja hilo na kupanda tena. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 24 Novemba, wakiwa tayari ni mabingwa, walicheza na Kyoto Sanga. Kashiwa 13, Kyoto 1. Olunga peke yake alifunga mabao manane. Manane! Mimi nimefundisha mpira wa vijana miaka mingi na hata katika mechi za darasa la nne sijaona mtoto mmoja akifunga manane. Ni rekodi ya mechi moja katika ligi za kulipwa za Japani. Na bado, pamoja na hayo manane, mfungaji bora wa daraja alikuwa Mbrazili Leonardo wa Albirex Niigata, aliyekuwa na 28. Alimshinda kwa bao moja. Mara ya pili hiyo.

Mwaka 2020 mnaukumbuka sote. Ligi ya Japani ilisimama Februari kwa sababu ya korona ikarudi Julai, mechi zikasongamana kama abiria wa jioni, viwanja nusu vitupu. Katika mwaka huo Olunga alicheza mechi 32 za ligi kuu na kufunga mabao 28. Hiyo mara akawa mfungaji bora, na akachaguliwa pia mchezaji bora wa ligi nzima. Alikuwa na miaka 26. Hesabuni: kutoka Thika United mpaka hapo ni miaka sita, klabu sita, nchi tano.

Mapema mwaka 2021 alihamia Al-Duhail ya Qatar. Mwaka ule ule alikuwa mfungaji bora wa mashindano ya klabu bingwa ya Asia kwa mabao tisa, na msimu wa 2021/22 akawa mfungaji bora wa ligi ya Qatar kwa mabao 24. Mwaka 2023 Al-Duhail wakachukua ubingwa wa ligi. Mwaka 2025, akiwa amefika miaka 31, alihamia Al-Arabi, hapo hapo Doha. Wapo waliomlaumu kwa nini hakurudi Ulaya alipokuwa na jina. Mimi simlaumu. Mchezaji ana labda miaka kumi na miwili ya kulipwa, akiwa na bahati magoti yasimsaliti. Mwalimu hufundisha mpaka sitini. Mwenye miaka kumi na miwili ya mshahara lazima ahesabu tofauti na mwenye arobaini, na mtu aliye kwenye kochi na rimoti mkononi hana haki ya kumfanyia hesabu hiyo.

Hiyo Al-Arabi wazee wenzangu mnaikumbuka kwa jina jingine: Dennis Oliech. Naye alikuwa fowadi. Alitoka Mathare United akapitia Al-Arabi kabla ya kwenda Ufaransa, Nantes, halafu Auxerre ambako alikaa muda mrefu kuliko kwingine. Akiwa Auxerre alicheza klabu bingwa ya Ulaya msimu wa 2010/11, kundi moja na Real Madrid, AC Milan na Ajax. Baadaye Ajaccio, Dubai, na mwaka 2019 akarudi nyumbani kuchezea Gor Mahia. Mama yake ndiye Mama Oliech wa samaki, ile hoteli ya Nairobi ambayo mwaka 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alikwenda kula ugali na samaki. Mimi huwa nawaambia vijana: mabao husahaulika, lakini watu wanakula kila siku.

Na kabla ya Oliech alikuwapo Mike Okoth Origi, fowadi mrefu aliyechezea Shabana ya Kisii. Alipitia Oman, halafu mwaka 1992 akafika Oostende, Ubelgiji, baadaye Harelbeke, na Genk ambako alichukua ubingwa wa nchi mwaka 1999. Mtoto wake Divock, aliyezaliwa huko huko Oostende, mnamjua. Ndiye aliyefungia Liverpool katika fainali ya klabu bingwa ya Ulaya mwaka 2019. Nawatajia njia hizi ili muone: Uarabuni kwanza, Ubelgiji baadaye. Mbwana Samatta wa Tanzania alikwenda Lubumbashi, kwa TP Mazembe, akakaa huko karibu miaka mitano, akashinda klabu bingwa ya Afrika mwaka 2015, ndipo Genk wakamchukua. Lubumbashi wanaongea Kiswahili! Hakuhitaji hata kamusi. Lakini ukimwambia kijana wa leo kuna nafasi Kongo au Zambia, anakutazama kama umemtukana.

Nikiwa kwa Samatta, kuna usiku mmoja nitautaja. Tarehe 27 Juni 2019, Cairo, kombe la Afrika, Kenya na Tanzania. Samatta akafunga la kwao la pili. Olunga akafunga mawili, moja kwa tiki-taka akiwa amegeukia lango mgongo, na lile la ushindi dakika kumi kabla ya mwisho, Kenya 3 Tanzania 2. Wakati huo Olunga alikuwa mchezaji wa daraja la pili Japani. Nadhani hilo linajibu wale wa baa.

Wasichana, msidhani nimewasahau. Esse Akida, fowadi wa Harambee Starlets, amecheza Israel, Uturuki kwa Beşiktaş, na Ugiriki kwa PAOK. Nchi tatu hizo, na pesa za mpira wa wanawake bado ni kidogo. Yote ninayosema leo ni yenu pia, na matapeli wa kwenu ni wabaya zaidi, maana wengine hawatafuti mchezaji kabisa.

Sasa nifike kwa jambo ambalo hasa limefanya wazee waniombe nisimame hapa. Kuna karatasi inazunguka hapa kwetu. Mmeiona. Inasema vijana wa miaka 14 mpaka 17 watapelekwa majaribio Ulaya, na mzazi alipe ada ya kuandikishwa na "ada ya viza" kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna mzazi mmoja ameshauza ndama. Mwingine amechukua mkopo kwenye chama cha akina mama. Sitataja mtu, hata huyo mwenye karatasi sitamtaja, maana simjui na hilo lenyewe ni jibu.

Sikilizeni sheria. FIFA imekataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Kuna nafasi chache zilizoruhusiwa: kwa mfano wazazi wake wamehamia huko kwa sababu zao zisizohusu mpira, au yuko ndani ya Umoja wa Ulaya na ametimiza 16, au anaishi mpakani kabisa. Wa kwetu hapa hayumo hata mmoja. Kwa hiyo mtu anayekuambia atampeleka mtoto wako wa miaka 15 akaandikishwe klabu ya Ulaya, ama hajui sheria, ama anaijua vizuri kuliko wewe.

La pili, ajenti. Mwaka 2023 FIFA ilirudisha mtihani na leseni kwa mawakala wa wachezaji. Mwenye leseni jina lake liko kwenye tovuti ya FIFA, na mwalimu wetu wa kompyuta ataliangalia kwa dakika tano, bure. Wakala wa kweli hulipwa asilimia yake mkataba ukishatiwa saini na pesa ya mpira ikianza kutoka. Hali yako ya kuuza ndama haimo katika kanuni yoyote. Tena hana ruhusa hata ya kuongea biashara na mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Na klabu inayotaka kumwona mchezaji huandika barua kwa jina lake yeye, si kwa jina la kundi, na barua hiyo ina namba ambayo unaweza kupiga simu ukauliza.

Mkataba ukija kweli, siku moja, usomwe. Usomwe na mtu ambaye hapati kitu ukitiwa saini. Mshahara ni kiasi gani, kwa fedha ya nchi gani, unalipwa tarehe ngapi, nyumba ni ya nani, ukivunjika mguu nani analipa hospitali. Mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na wa aliye chini ya 18 hauzidi mitatu. Ukiona mtu ameandika kumi, huo si mkataba, ni kamba. Klabu ikikaa miezi miwili bila kukulipa, sheria inakuruhusu uwape onyo la maandishi la siku 15, na wasipolipa unaondoka na kudai haki yako. Wachezaji wengi wamelala njaa nchi za watu kwa sababu hawakujua siku hizo 15.

Na kuna upande ambao sisi wa timu ndogo hatuuzungumzi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia tano ya bei hiyo hutengwa kwa ajili ya timu zilizomlea kuanzia mwaka wa miaka 12 mpaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 ni robo ya asilimia moja ya bei. Kuanzia 16, nusu ya asilimia. Tuseme kijana wetu anauzwa siku moja kwa shilingi milioni kumi, naye alikuwa nasi msimu wa miaka 14 na wa 15. Fungu letu ni shilingi elfu hamsini. Hizo ni jezi za timu mbili na mipira. Akiuzwa tena kabla mkataba haujaisha, inakuja tena. Lakini hailetwi kwa timu ambayo haimo kwenye vitabu. Timu iwe imeandikishwa na shirikisho, mchezaji awe ameandikishwa na timu, na tarehe zionekane. Sisi tunaandika majina kwenye kikaratasi cha sigara, halafu mvua inanyesha.

Hapo ndipo umri nao unaingia. Kijana anayekata miaka mitatu ili acheze na wadogo, anaharibu vitabu vyake mwenyewe. Siku klabu ya nje ikilinganisha cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti, na kila kimoja kina mwaka wake, wanafunga faili. Hawana haja ya kujua ni baba, mwalimu au kocha aliyesema uongo.

Nitaongeza kidogo tu juu ya nchi yenyewe, halafu nikae. Mwaka 2022, kuanzia Februari mpaka Novemba, Kenya ilifungiwa na FIFA kwa sababu ya ugomvi juu ya uongozi wa mpira. Harambee Stars wakatolewa katika mechi za kufuzu kombe la Afrika. Olunga alikuwa katika miaka yake bora ya kufunga, na nchi yake haikuwa na mechi ya kumpa. Mkisikia wakubwa wanapigania viti, msiseme hayatuhusu. Kijana wa hapa anayetafuta kibali cha kazi nje anahesabiwa mechi ambazo hazikuchezwa.

Basi. Hapo mezani, karibu na chai, mwalimu ana daftari kubwa jipya. Kila mchezaji wa leo, mvulana na msichana, aandikwe jina lake lote, tarehe ya kuzaliwa, shule, na siku aliyojiunga na timu. Mzazi alete nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Asiye na cheti aseme leo, tutakwenda naye kwa chifu aandikiwe barua. Na aliyelipa kwa ile karatasi, abaki nyuma kidogo baada ya wengine kuondoka. Risiti aje nayo, na namba ya simu iliyopokea pesa.